Kirikuu Yapanda, Difu Labaki Chini

Lami ya kutoka Dodoma kwenda Babati ilipozinduliwa Aprili 27, 2018, jina la kata yetu lilikuwa limeshazoeleka midomoni mwa wakandarasi. Ujenzi uligawanywa vipande, na hapa Bonga ndipo kilipoishia kipande cha kutoka Mela, kilomita 88.8, na ndipo kilipoanzia cha kwenda Babati mjini, kilomita 19.2. Mimi ni mzaliwa wa Kondoa niliyeolewa hapa, kwa hiyo barabara hiyo naijua kwa mgongo wangu. Nimeipita ikiwa vumbi na mashimo, mtoto mapajani na kuku miguuni. Leo mtu anaondoka Bonga jua limeshachomoza, na soko la Babati halijachangamka bado anakuwa ameshatandaza bidhaa zake.

Ila lami haimfikishi mtu mlangoni. Kwetu unaiacha barabara kuu unaingia njia ya udongo. Mwanzoni ni udongo mwekundu, hauna neno. Kisha unashuka bondeni kwenye udongo mweusi, na hapo ndipo penye kazi. Kiangazi unapasuka nyufa ambazo mtoto anaingiza mkono. Masika unavimba, unanata, na mguu unatoka kiatu kikibaki. Matrekta na malori ya tofali yamechimba mifereji miwili ya matairi, na katikati limebaki tuta. Kirikuu yetu, yaani Suzuki Carry ya mizigo, ni nyembamba kuliko lori, haiwezi kushika mifereji yote miwili kwa pamoja. Tairi moja linatumbukia, jingine linapanda ubavu wa tuta, na gari zima linainama matenga ya nyanya yakiegemea upande mmoja.

Kirikuu ndiyo inayotulisha. Mume wangu ndiye anayeendesha, lakini biashara ni yangu: nakusanya nyanya, kabichi na maharage kwa wakulima wa huku ndani, napeleka mjini, narudi na mbolea, sukari, sabuni na mahitaji ya watu walioniagiza. Wasiokuwa na gari hili wanaliona dogo, nami nawaelewa. Suzuki walianza kuunda Carry mwaka 1961, na umbo lake limetokana na sheria ya Japani ya magari madogo: injini isizidi CC 660 tangu mwaka 1990, na tangu 1998 urefu usizidi mita 3.4 wala upana mita 1.48. Ni gari la mkulima na mwenye duka wa kule, apite kwenye njia nyembamba za mashamba na vichochoro vya mjini. Mzigo wake halali ni kilo 350. Hayo ni magunia matatu na nusu ya kilo mia, basi. Huku kwetu nimeona kirikuu imepakiwa magunia sita ya lumbesa na watu wawili juu yake, pua ikielekea mawinguni, na dereva anapiga honi kwa furaha. Mimi hilo silikubali, na nimegombana na wenye mizigo mara nyingi kwa sababu hiyo.

Masika ya mwaka mmoja tulikwama mpaka ikawa habari ya kijiji. Tukikwama asubuhi, nyanya zinafika sokoni wenzetu wameshauza. Tukikwama jioni, mbolea inalala njiani na mtu wa kuilinda lazima apatikane. Ndipo shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, akaja na simu yake.

Huyu shemeji ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha mjini. Mikono yake ni mizuri. Geti aliloniwekea halijawahi kulegea bawaba. Kwenye simu alikuwa na video ya Mmarekani mmoja, yuko nyuma ya nyumba yake, anapandisha juu kile kigari cha uwanja wa gofu. Ameng'oa vishikizo vifupi vinavyoning'iniza springi ya nyuma kwenye fremu, amechomelea virefu, ameweka tairi nene zenye meno, na kigari kimesimama juu, kinapita kwenye matope na vichaka.

"Shemeji, tazama," akaniambia. "Nyuma ni ekseli moja nzima, springi za bapa, sawasawa na kirikuu yenu. Kaongeza vishikizo tu."

"Na mzigo wake ni nini?"

"Watu wawili na mfuko wa fimbo."

"Na sisi?"

Akanyamaza kidogo. "Sisi tutatumia chuma kinene."

Mume wangu alikuwa ameshakubali kabla video haijaisha. Mtu akichoka kuchimba matope chini ya gari usiku, na tochi mdomoni, hahitaji ushawishi mwingi. Mimi niliuliza swali ambalo niliendelea kuliuliza mpaka mwisho: bodi ikipanda, nani atanyanyua matenga mpaka huko juu? Nikajibiwa kwamba ni inchi mbili tu. Inchi mbili kwa anayeendesha ni kitu kidogo. Kwa anayepakia matenga tangu saa kumi alfajiri, kila tenga linadai inchi zake.

Kazi ilifanyika uani, Jumapili baada ya ibada. Nilisimamia jambo moja kwa ukali: gari lisishikiliwe na jeki peke yake. Watoto wanapita pale wakifukuza mpira, na jeki ikiteleza haina msamaha. Tukaviringisha magogo mawili ya mgrevilea tukayaweka chini ya chesesi, mawe makubwa mbele ya tairi za mbele, na watoto wakapelekwa kwa jirani na bibi yao. Bibi huyo, mama mkwe wangu, aliwafikisha watoto akarudi mwenyewe na kigoda chake. Akakaa pembeni ya mti wa mparachichi, fimbo magotini, akatazama.

Nut za springi za kirikuu iliyokula matope miaka mingi hazifunguki kwa spana na nia njema. Zilimwagiwa oili chafu, zikapigwa nyundo, zikasubiriwa, zikapigwa tena. Vishikizo vilipotoka nilivishika mkononi. Kila kimoja ni kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole changu cha kati, na tundu huku na huku. Ndani ya matundu kulikuwa na bushi za mpira zilizokwisha kuoza zikawa ungaunga mweusi. Nilishangaa kwamba mzigo wote tunaoupeleka Babati unaning'inia kwenye vidude hivyo. Mume wangu aliagiza bushi mpya mjini, na hilo peke yake lilipunguza makelele ya nyuma. Hata kama wasingefanya kingine chochote siku ile, hapo walifanya la maana.

Shemeji akafunga vishikizo vyake vipya, virefu kwa inchi mbili kuliko vya zamani. Gari likashushwa. Nikaleta futi yangu ya cherehani, ambayo asubuhi nilikuwa nimeshapima nayo kutoka ukingo wa bodi mpaka chini: sentimita 66. Sasa ilisoma 68 na nusu. Shemeji akapima tena mwenyewe. Akapima upande wa pili. Ikawa ileile.

"Inchi moja imekwenda wapi?" mume wangu akauliza.

Walichora vumbini kwa kijiti mpaka wakaelewa, nami nikaelewa pamoja nao. Springi ya bapa ina ncha mbili. Ya mbele imefungwa kwenye chesesi moja kwa moja na haikuguswa. Ya nyuma ndiyo iliyoteremshwa inchi mbili. Ekseli inakaa katikati ya springi. Ncha moja ikibaki palepale na nyingine ikashuka inchi mbili, katikati panashuka inchi moja. Ukitaka gari lipande inchi mbili, vishikizo viongezwe inchi nne. Nakumbuka mama mkwe wangu aliinama kutazama ule mchoro, akauelewa haraka kuliko wote wawili, akasema ni sawa na kuinua ncha moja ya nira. Amelima na maksai tangu usichana wake.

Basi shemeji akarudi mjini akakata vyuma vipya, virefu kwa inchi nne.

Mara hii gari lilipanda kweli. Lilisimama kitako juu, na kijana mmoja aliyekuwa akipita na pikipiki akasimama kupiga picha. Mume wangu alizunguka gari mara nyingi jioni ile. Mimi nilijaribu kupakia tenga tupu, kisha tenga lililojaa. Tofauti niliisikia kwenye bega: lile tenga nililokuwa nalisukuma kwa paja likaingia, sasa lilitaka kunyanyuliwa mpaka kifuani ndipo lisukumwe. Nikawaambia. Wakasema nitazoea.

Kwenye lami gari likatoa maneno yake lenyewe. Tukiwa mwendo wa kawaida kuelekea mjini, chini ya kiti kulianza mvumo ambao haukuwepo, ukazidi kila mwendo ulipoongezeka. Kwenye kona mkia uliyumba pembeni kabla haujafuata. Usukani ukawa mwepesi kupita kiasi, unahitaji kushikwa muda wote. Usiku taa zikamulika lami mita chache tu mbele ya pua. Fundi mmoja wa mjini alitueleza bila hata kuingia uvunguni, akiwa ameegemea tairi. Ncha ya nyuma ya springi ikishushwa, ekseli inajizungusha na difu linainua pua. Shafti ya propela haiingii tena kwenye difu kwa pembe iliyokusudiwa, na krosi zake zinatetemeka, ndio ule mvumo. Kishikizo kirefu ni mguu mrefu: kinayumba kushoto na kulia, na mkia unayumba nacho. Na gari likiinuliwa nyuma bila kuinuliwa mbele, miguu ya mbele inapoteza ule mlalo wa kurudi nyuma unaoufanya usukani ujinyooshe wenyewe baada ya kona. Alisema yote hayo kwa upole, na hakutuuzia kitu. Mume wangu alimshukuru, lakini njiani akasema tusubiri mvua kwanza, kwa sababu gari lilipandishwa kwa ajili ya bonde, si kwa ajili ya lami.

Mvua haikuchelewa. Ilinyesha usiku mzima, na asubuhi nilikuwa na matenga ya nyanya ambayo yasingesubiri. Tulishuka bondeni taratibu, bodi juu, mume wangu ameshika usukani kwa mikono miwili. Katikati ya bonde gari likapunguza mwendo, likaguna, likasimama. Tairi za nyuma zikazunguka bila kwenda popote. Palepale tunapokwamaga siku zote.

Jirani alikuja na maksai wake, jozi mbili. Kamba ikafungwa mbele, maksai wakavuta, gari likatoka kwa mshtuko mmoja, na nyuma tukasikia mlio wa chuma. Kishikizo cha kushoto kilikuwa kimepasuka kwenye tundu. Bodi ikaketi juu ya tairi, matenga matatu yakateleza yakaanguka, na nyanya zikatawanyika kwenye matope. Watoto wa shule waliokuwa wakipita walisaidia kuokota, na nikawapa za kula njiani. Zilizobaki nzima niliziokoa, zilizopondeka nikapika. Nilisikitika kwa nyanya, lakini zaidi nilifikiria kwamba chuma kile kingeweza kukatika kwenye lami, watu wakiwa nyuma. Tundu lilitobolewa karibu mno na ukingo, chuma kimebaki chembamba hapo, na kule kuyumba kwa kila siku kumekichosha.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja na watu wa maksai, kanga kichwani na fimbo mkononi. Wengine walipokuwa wakishughulikia tairi, yeye alirudi nyuma kutazama tulikopita. Akaniita.

"Mwanangu, njoo uone."

Juu ya lile tuta, katikati ya alama za matairi yetu, kulikuwa na mfereji mwingine. Ulikuwa umechongwa vizuri, umelainika pande zote kama uliopigwa kwa plau, na ulikuwa unazidi kina kadiri unavyokaribia pale tuliposimama. Akaingiza fimbo ndani kupima.

"Huu umelimwa na nini?"

Nikainama chini ya gari. Katikati ya ekseli ya nyuma kuna lile bonge la chuma, difu, ambalo limebeba gia za kugeuza mzunguko wa shafti kuupeleka kwenye magurudumu. Tumbo lake lilikuwa linang'aa, rangi yote imekwisha, na mbele yake udongo mweusi umejikusanya. Ndilo lililokuwa linalima. Ndilo lililokuwa linatushika miaka yote.

"Basi mmeinua nyumba," mama mkwe akamwambia mwanawe, "na plau mmeliacha ardhini."

Kila kitu kilikuwa hapo. Ekseli nzima inashikwa na magurudumu mawili, na difu liko katikati ya ekseli hiyo. Urefu wake kutoka ardhini unatokana na ukubwa wa tairi na hakuna kingine. Ukirefusha vishikizo, ukiongeza bapa za springi, ukiweka vipande kati ya springi na ekseli, kinachopanda ni chesesi, bodi, injini na watu waliokaa. Difu linabaki palepale lilipokuwa. Hata yule Mmarekani wa kwenye video hakusaidiwa na vishikizo peke yake: alivihitaji ili zile tairi nene zipate nafasi ya kukaa bila kugusa bodi, na ni tairi ndizo zilizompitisha kwenye matope. Shemeji alikuwa ameitazama video ile mara nyingi, nami pia, na wote macho yetu yalikuwa kwenye vyuma kwa sababu fundi chuma alikuwa ndiye anayetuonyesha.

Jioni ile tulizungumza kama familia, na mazungumzo yalikuwa mazuri kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo juu ya gari lile. Mama mkwe alikaa, shemeji alikaa, hakuna aliyepandisha sauti. Vishikizo virefu viondoke, hilo halikujadiliwa. Vya zamani vilikuwa bado vizima, vikarudishwa na bushi zake mpya. Kisha likaja suala la tairi.

Kirikuu yetu ilikuwa na tairi za 145 za rimu 12. Shemeji alipendekeza 165 za rimu 13. Tukapiga hesabu kwenye daftari langu la biashara. Kipenyo kinapanda kutoka takriban sentimita 54 mpaka karibu 60, na difu linapanda kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani sentimita mbili na nusu na ushee. Hiyo ni inchi moja ya kweli, iliyo chini ya difu. Lakini inchi hiyo ina gharama zake, na nilitaka zote ziandikwe. Tairi kubwa ni gia ndefu: injini ya CC 660 itachoka zaidi kwenye mlima, na mlima tunao. Kipimo cha mwendo nacho kitapunja, kwa sababu tairi linapozunguka mara moja linakula njia ndefu zaidi: mshale ukisema 50, gari liko 55. Na ndani ya makazi mwisho ni 50, trafiki wenye tochi za kupimia mwendo wanasimama pale wanapojua wao, na faini ya shilingi 30,000 ni faida yangu ya siku. Mume wangu akabandika karatasi kwenye dashibodi, ameandika kwa kalamu nene: 45.

Tairi zilipofungwa, za mbele ziligusa ndani ya matao usukani ukikatwa mpaka mwisho. Hapo ndipo spesa, kile kipande cha kuinulia gari, ilipopata kazi yake ya haki. Mbele ya kirikuu hakuna ekseli nzima. Kila tairi lina shokapu yake iliyozungukwa na springi, na kichwa cha shokapu kimefungwa juu kwenye bodi. Spesa inaingia juu ya kichwa hicho. Hatukuichonga uani. Tulinunua zilizotengenezwa, nyembamba, tukafungiwa gereji, kisha tukaenda kupimiwa alaimenti, kwa maana ukigusa kimo cha mbele tairi zinaanza kutazamana au kupeana kisogo, na zinaliwa upande mmoja ndani ya muda mfupi. Nyuma tuliongeza bapa moja tu la springi, ili mzigo usikandamize bodi mpaka juu ya tairi jipya. Shemeji alitaka kulichomelea kwenye yale mengine ili lisisogee. Fundi wa gereji akamkataza: chuma cha springi kimepikwa kwa moto na kupozwa kwa namna yake mpaka kikapata ule urejeo, na moto wa kuchomelea unakifanya kikatike kirahisi. Bapa hufungwa kwa bolti ya katikati na kwa yubolti. Shemeji alisikiliza kwa makini. Nilimpenda kwa hilo. Kijana anayejua kazi yake na anakubali kufundishwa ya mwenzake ni mali ya ukoo.

Nikarudi kwenye swali langu. Nikaleta futi. Bodi ilisoma sentimita 71 na nusu, zaidi ya kule tulikotoka kwa inchi mbili na ushee. Nikasema sitazoea, na sitaki msichana anayenisaidia kupakia azoee pia, maana ana miaka 19 na mgongo wake ni wa kumfikisha mbali. Wanaume walitazamana. Shemeji akaniuliza, shemeji, unataka nini hasa? Nikamwambia nataka kipandio cha nyuma, kipana, kinachokunjika, mtu asimame juu yake na tenga mkononi bila kuogopa. Na kingine kidogo upande wa mlango wa abiria, kwa ajili ya Bibi, ambaye kila Jumapili alikuwa anapandishwa garini kwa kushikwa makwapa wakati anaweza kupanda mwenyewe akipewa pa kukanyaga.

Alivitengeneza ndani ya wiki hiyo. Cha nyuma ni cha bati lenye vinundu, lisiloteleza hata likiwa na matope, na bawaba zake ni kama za lile geti langu. Katika yote yaliyofanyiwa gari lile, ndicho kitu ninachokigusa kila siku.

Inchi moja chini ya difu ilisaidia, ila haikutosha. Tuta lilikuwa refu kuliko inchi moja. Hapo mama mkwe akatoa neno lake la pili, alilokuwa nalo tangu siku ya maksai: gari limepandishwa vya kutosha, sasa tuta lishushwe. Alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji, akiwa na fimbo yake. Msaragambo ukaitishwa kabla ya mvua za vuli. Kila kaya inayopita njia ile ilitoa mtu na jembe au sururu. Tuta likakatwa, udongo wake ukatupwa pembeni badala ya kurudishwa kwenye mifereji, kwa kuwa udongo mweusi ukilowa hauna ushirikiano na mtu. Mifereji ikajazwa mawe, kisha changarawe nyekundu tuliyoisomba kwa kirikuu, kilo zake 350 kwa safari, si zaidi. Wakati huu hakuna aliyenibishia. Mtaro wa maji ukachimbwa upande wa juu ili maji ya mlimani yasivuke njia tena.

Kazi ile iligawanywa, na kila kaya ina kipande chake cha kutunza. Chetu kinaanzia kwenye mkuyu mpaka kwenye kalavati. Wenye malori ya tofali wameombwa wasipite siku za mvua, na wengi wanaheshimu. Asiyeheshimu anakutana na mama mkwe wangu. Masika yaliyofuata tulikwama tena, ila kwenye kipande cha kaya moja ambayo haikumaliza mtaro wake, na Jumamosi iliyofuata mume wangu na shemeji walikwenda huko na majembe kuwasaidia. Shemeji ameniambia kuna mtu mjini anataka kirikuu yake ipandishwe. Amemjibu alete kwanza gari kwenye njia anayopita, aingie uvunguni atazame ni chuma gani kinachong'aa.